NI NANI ANAYEPIGA KELELE?

Kijana, usiitupe karatasi hii! Isome kwanza mpaka mwisho. Ukiona haina maana, basi ifungie karanga.

Naiandika kwa ajili yako wewe unayejifunza gitaa la besi. Labda umenunua la mtumba. Labda unaazima kwa mshikaji. Labda mnapiga kijiweni jioni, masela watatu na spika moja iliyopasuka. Na kila ukigusa uzi fulani kuna kitu kinalia pembeni: zzzzzz! Umekaza hiki, umelegeza kile, umebadilisha waya, bado tu. Umeanza kusema, "Gitaa hili lina mkosi." Wengine wamekushauri uliuze.

Je, ni wewe? Basi kaa chini. Yaliyonipata mimi ni hayo hayo, na nusura yanigharimu rafiki.

NILIKUWA NAMJUA MWENYE MAKOSA!

Besi yangu niliinunua Kariakoo, ya mtumba, nyeusi, imechunika mgongoni. Nilipofika nayo Tanga nililala nayo kitandani, sikudanganyi. Kanisani wakanipokea kwenye timu ya vyombo. Si kwa sababu nilijua kupiga, la! Hapakuwa na mpiga besi mwingine.

Wiki ya tatu tulikuwa kwenye mazoezi ya mkutano wa injili. Wimbo uko kwenye A. Nikaipiga hiyo A, na papo hapo ikaja: zzzzzz! Kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo la bati. Mwalimu wa kwaya akasimamisha watu wote. "Nini hicho?" Wakaniangalia mimi. Na mimi nikamwangalia mpiga drams.

Nikueleze kwanza. Katika drams kuna ngoma moja inaitwa snea, ile yenye mlio mkali. Chini yake zimefungwa nyaya nyembamba zilizojipinda kama springi, zinagusa ngozi ya chini. Besi ikipigwa karibu, ngozi ile inatikisika, na zile nyaya zinachachatika zenyewe bila fimbo kugusa kitu. Hilo ni kweli, kila mpiga drams analijua. Pembeni pana kijiti cha chuma cha kuziachia zisiguse ngozi.

Nikamwambia, "Hebu achia hizo nyaya." Akaachia. Nikapiga A tena. Kelele ikapungua. Angalia, sikusema ilikwisha. Ilipungua! Lakini kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Mnaona? Ni drams zake zinazotuharibia. Hajui kutunza vyombo vya Bwana, amezoea vya kijiweni."

Kijana yule alikuwa na miezi miwili tu tangu aje kwetu. Kijiweni alitoka kweli, na kutoka kwenyewe hakukuwa rahisi, wenzake walimcheka mtaa mzima. Mimi nilikuwa najua hayo yote. Hakunijibu. Aliweka fimbo zake juu ya stuli, taratibu, kama mtu anayeweka mayai, akatoka. Jumapili hakuja. Jumapili ya pili hakuja.

Na kelele je? Nilirudi chumbani kwangu usiku ule ule. Chumba changu hakina drams. Nikachomeka amplifaya, nikapiga A. Zzzzzz!

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu mwenye haya angevaa viatu akamfuate mwenzake usiku huo huo. Mimi nilipandisha sauti ili nisiisikie.

NILIVYOTAFUTA KIJINGA

Kwanza nilinunua nyuzi mpya. Nyuzi za besi si bei ya karanga, nilikopa. Nikafunga zote nne, zinang'aa, nikapiga: zzzzzz, tena safari hii kwa sauti nzuri zaidi! Sasa hivi nacheka. James Jamerson wa Detroit, yule aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown miaka ya 1960, anasifika kwa kutobadilisha nyuzi mpaka ikatike. Nyuzi kuukuu zinafifisha sauti, lakini si kawaida yake kuleta mchachatiko wa bati. Ningejua hilo ningebaki na hela yangu.

Pili nikampelekea fundi mmoja wa redio. Akalitazama kidogo tu, akasema tatizo liko kwenye kile kidaraja cha plastiki kichwani, mwanzo wa shingo, chenye mifereji minne ya kupitishia nyuzi. Kabla sijasema kitu ameshashika kipande cha msumeno, anachimba mfereji wa uzi wa A. Uzi ukashuka. Ukiupiga wazi sasa unagonga freti ya kwanza. Nilienda na kelele moja nikarudi na mbili!

Sikia neno hili: asije mtu akashika tupa wala msumeno mbele ya gitaa lako kabla hajakuonyesha kwa kidole kelele inatoka wapi. Skrubu ukiikaza vibaya utailegeza. Ukichimba, umechimba. Dawa yake ya kudumu ni kununua kidaraja kingine.

MZEE MMOJA AKANIULIZA SWALI

Mtaa wa pili kutoka kwetu yuko mzee seremala. Ujanani alipiga besi katika bendi za dansi. Hakuwa mlokole, na wapendwa wawili watatu walininong'oneza nisimwendee. Nikaenda. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba nilienda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Linalia?"

"Linalia mzee wangu, tena vibaya."

"Noti gani?"

"A."

"A ya wapi?"

Sikumwelewa. A si ni A? Akaniambia niupige uzi wa A wazi, bila kubonyeza. Zzzzzz. Halafu akasema, "Sasa nenda kwenye uzi wa E, ule mnene, bonyeza freti ya tano." Hiyo nayo ni A, noti ile ile kabisa, mitikisiko 55 kwa sekunde. Ndiyo maana watu huitumia kulinganisha nyuzi. Nikaipiga. Zzzzzz!

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Freti hazina kosa," akasema.

Na hapa, kijana, shika vizuri, maana ndilo jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Kelele za besi ziko za namna mbili. Iko kelele ya uzi kugonga freti. Hiyo hufuata MAHALI. Ukibonyeza pale inalia, ukihama inanyamaza, hata kama noti ni ile ile. Na iko kelele ya kitu kilicholegea. Hiyo hufuata NOTI. Kila kitu kilicholegea kina mtikisiko wake kinachoupenda. Ukiupiga huo, popote pale shingoni, kinaamka kuitikia. Ukipiga mwingine, kimelala. Kwa hiyo kabla hujafungua skrubu hata moja, tafuta noti inayolia, kisha ipige mahali pengine. Ikilia kote kote, waache freti na shingo. Ikilia pale pamoja tu, rudi kwenye shingo.

Ile kelele ya pili, ya mfereji uliochimbwa, aliitambua papo hapo: ilikuwa kwenye uzi wa A wazi tu, ukibonyeza freti yoyote imetoweka. Akachana kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia ndani ya mfereji chini ya uzi. Kimya. "Hiyo ya muda," akasema, "mpaka upate hela." Ikabaki ile moja ya kwanza.

AKANIPELEKA HATUA KWA HATUA

Nilidhani atanyoosha kidole tu aseme, "Ni hapa!" Hakufanya hivyo. Alinikalisha chini ya mwembe tangu saa tisa mpaka giza, akanifanyisha yote. Alisema anayeruka hatua hurudi mara mbili.

Kwanza nyuzi zilinganishwe. Uzi uliolegea kupita kiasi unapepea na kugonga kila kitu, na mtu anaweza kumwita fundi kwa kosa la kutolinganisha! Uzi wa E mitikisiko 41 kwa sekunde, A 55, D 73, G 98. Siku hizi programu ya simu inakuonyesha yote hayo bure.

Pili, toa waya. Piga gitaa kavu, bila umeme. Kelele ikinyamaza, huenda kosa liko kwenye spika, au kwenye kile kilichowekwa juu ya spika. Mzee aliwahi kuhangaika wiki nzima kumbe ni kisahani cha chai. Madirisha ya vioo, mabati, picha ukutani, funguo mfukoni mwako, vyote vinaitikia besi. Hamisha gitaa, toka nje nalo, keti penye mchanga. Kelele ikikufuata, iko kwenye gitaa. Yangu ilinifuata mpaka chini ya mwembe. Nikaanza kutoka jasho, maana pale mwembeni hapakuwa na mpiga drams wa kumsingizia.

Tatu, mkono wako mwenyewe. Hapa wanaoanza tunaanguka wengi. Besi ya kawaida ina uzi wenye urefu wa sentimita 86 hivi kutoka kidaraja cha kichwani hadi daraja la tumboni, nafasi za freti ni pana, na kidole cha mgeni hubonyeza katikati. Usibonyeze katikati! Bonyeza nyuma tu ya kile chuma cha freti, karibu kabisa bila kukikalia. Na mkono wa kupiga usivute uzi kama unang'oa muhogo. Ule mnene ukiuvuta sana unatikisika kwa upana mkubwa, lazima ugonge. Piga kwa upole, ongeza sauti kwenye amplifaya. Freti hizi ni rehema, bwana! Kabla ya Leo Fender kutoa besi yake ya umeme yenye freti kule California mwaka 1951, wengi walisimama na lile besi kubwa la mbao lisilo na freti, wakitafuta noti kwa sikio na kubahatisha.

Nne, shingo. Nyuzi nne za besi kwa pamoja zinavuta kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 70, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Ubao peke yake ungepinda kama upinde, ndiyo maana ndani ya shingo mmewekwa fimbo ya chuma ya kushindana na nyuzi. Nasi wa pwani tuna unyevu. Mbao hunywa unyevu zikavimba, zikikauka hunywea, na gitaa lililonyooka kiangazi laweza kulia masika. Kupima ni rahisi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubonyeze freti ya mwisho. Sasa uzi wenyewe ni rula. Tazama katikati, freti ya saba au ya nane: lazima pawe na upenyo mdogo, kama unene wa kadi, theluthi moja ya milimita hivi. Pasipo na upenyo kabisa, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma, na kelele utaisikia kwenye freti za mwanzo. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imeinama mbele, na nyuzi zimekuwa juu zinaumiza vidole.

Ile fimbo ukiikaza, shingo inarudi nyuma. Ukiilegeza, nyuzi zinaivuta mbele. Lakini tafadhali! Robo ya mzunguko tu kwa mara moja, nyuzi zikiwa zimelegezwa ikiwa unakaza, kisha zikaze tena, acha mbao zikae hata kesho, ndipo upime upya. Ikigoma kuzunguka, usilazimishe. Mzee alisema amezika magitaa mawili ya vijana wenye nguvu.

Shingo yangu ilikuwa nzima. Freti zilikuwa nzima. Nilianza kutamani kosa lionekane hapo, unajua, kwenye kitu kilichotoka kiwandani, kitu ambacho si mimi.

KIDOLE

Mwisho mzee akasema, "Sasa piga ile A kwa mkono mmoja, usiache. Mkono wa pili gusa kitu kimoja kimoja. Kitakachonyamaza ukikigusa, ndicho."

Basi! Hakuna mashine hapo. Kidole tu.

Nikaanza kichwani. Funguo nne za kukazia nyuzi, nikazishika mmoja mmoja, na skrubu zake ndogo za nyuma. Zzzzzz. Nikashuka kwenye vibao vya pikapu, zile sumaku zinazosikia nyuzi. Zimekalia springi, nazo hulia sana. Zzzzzz. Vitufe vya sauti na nati zake. Zzzzzz. Tundu la waya, ambalo nati yake hulegea kila siku kwa sababu ya kuchomeka na kuchomoa. Zzzzzz. Kile kibao cha plastiki kinachokinga rangi, skrubu kumi na kitu, zote nikazipitia. Vifungo vya mkanda. Bado!

Nikafika darajani, pale nyuzi zinapoishia tumboni mwa gitaa. Kila uzi umelalia kijipande chake cha chuma, na kila kijipande kina miguu miwili: skrubu mbili ndogo za kukipandisha na kukishusha. Nikagusa cha E. Nikagusa cha A, maana niliamini ni hapo. Hakuna. D, hakuna. Nikagusa cha uzi wa G, ule mwembamba, ambao hata sikuwa naupiga.

KIMYA.

Nikatoa kidole: zzzzzz. Nikarudisha: kimya. Mzee akainama na miwani yake akatazama. Mguu mmoja wa kijipande kile ulikuwa umekanyaga chini. Wa pili ulikuwa unaning'inia, haugusi kitu, umelegea ndani ya tundu lake. Kila A ilipopita mwilini mwa gitaa, skrubu ile ndogo isiyozidi punje ya mchele ilichachatika.

"Nani alicheza na hizi?" mzee akauliza.

Nikanyamaza. Maana nilijua. Wiki ya kwanza vidole vyangu vilitoka malengelenge, nikaona nyuzi ziko juu mno, nikachukua spana ndogo ya alen nikazishusha harakaharaka kabla ya mazoezi. Kwa G nikashusha mguu mmoja, mwingine nikaupandisha hewani, nikasahau.

Ni mimi! Kelele iliyomfukuza yule ndugu niliitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe, kwa spana ya milimita 1.5.

SASA NIKUAMBIE LILILONICHOMA

Utasema, "Nilijua tu utafika hapa, nyie walokole." Ndiyo, nafika. Nilikuwa nimeyasikia mahubiri ya kibanzi na boriti, Mathayo sura ya 7, labda mara ishirini. Nilikuwa nimesema "amina" mara zote ishirini. Na siku zote nilipoyasikia nilikuwa namfikiria mtu mwingine, tena naweza kukutajia jina lake. Sikuwahi kuketi chini ya mwembe Neno hili likanigusa kipande kwa kipande, mpaka likafika mahali fulani, nami nikanyamaza.

Na yule mwanamke wa Luka 15 aliyepoteza sarafu, unamkumbuka? Au hujawahi kusikia? Alikuwa nazo kumi, ikapotea moja. Hakwenda kugonga kwa jirani kuuliza nani ameiba. Aliwasha taa ndani ya nyumba yake mwenyewe, akashika ufagio, akafagia mpaka akaiona. Jirani aliwaita baadaye, tena kwa furaha. Mimi nilianza na jirani. Ufagio nilikuja kuushika siku ya mwisho, baada ya kukopa hela, baada ya kuharibu kidaraja, baada ya mwenzangu kuondoka.

Nakuuliza wewe unayesoma: unayo noti gani ambayo kila ikipigwa kitu kinalia ndani yako? Kwako nyumbani likitajwa jina la baba? Ukimwona yule mliyekosana? Na umepandisha sauti kiasi gani ili usiisikie? Mimi nakuuliza tu. Jibu unalo wewe, sitalisoma.

ILE SKRUBU ILICHUKUA NUSU DAKIKA

Mzee alinipa spana, akakataa kuikaza yeye. Nikaushusha ule mguu mpaka ukagusa chini, nikausawazisha na mwenzake, kijipande kikakaa wima. Nikapima nyuzi kwenye freti ya kumi na mbili: milimita mbili na kidogo, panatosha. Nikalinganisha tena. Nikapiga A. Nikapiga tena. Unajua A safi ya besi inavyosikika baada ya wiki tano za nzi? Sikuwa na amplifaya pale, ila niliisikia kifuani.

Kazi ya nusu dakika. Ile nyingine ilinichukua siku tatu.

Siku ya kwanza nilifika mpaka kona ya kijiwe chao nikageuka. Siku ya pili nilijiambia nitatuma ujumbe wa simu; nikauandika, nikaufuta. Nilimtukana mbele ya watu, ningewezaje kutubu kwa maandishi, peke yangu chumbani? Siku ya tatu nilienda na besi mgongoni. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu na wenzake wanne. Wakanyamaza wote.

Nikasema, "Ndugu yangu, ile kelele ilikuwa kwangu. Ni skrubu niliyoilegeza mwenyewe. Na lile neno la kijiweni nililokuambia, nilikosea. Naomba unisamehe."

Mmoja wao akacheka. Yeye hakucheka. Akanyoosha mkono akasema, "Nionyeshe." Nikampa gitaa. Akalitazama darajani muda mrefu, akagusa ile miguu midogo kwa ukucha. "Hiki kidude tu?"

"Hicho tu."

"Na pale kwa wenzetu utasema?"

"Nitasema Jumamosi, kabla hatujaanza."

Hakuniambia kama atakuja. Na mimi sikumuuliza.

Jumamosi nilisimama mbele ya mwalimu wa kwaya na wote waliokuwepo siku ile, nikayasema yote, na ya spana pia. Nusu yake niliisema nikitazama sakafu. Nilipoinua macho alikuwa mlangoni, fimbo zake ziko mfuko wa nyuma. Akapita, akakaa kwenye stuli yake, akazifunga zile nyaya za snea.

Mwalimu akasema tuanze na ule wimbo ulioko kwenye A. Nikaipiga. Besi ikatoka safi. Lakini nyuma yangu, kwa mbali sana, nikasikia: zzz...

Jasho likanitoka. Watu wote wakaniangalia mimi. Mimi safari hii sikumwangalia mtu, niliinamia daraja langu nikaanza kugusa miguu mmoja mmoja.

"Acha kaka," akasema nyuma yangu, anacheka. "Hiyo sasa ni yangu." Akasogeza kile kijiti cha chuma, snea ikanyamaza. Akagonga fimbo zake mara nne, tukaanza.